Kibodi ya Kompyuta Ikikataa Kuandika, Tufanye Nini?

Vikundi vyetu vingi siku hizi vina kompyuta, hata kama ni ile kuukuu ya kupewa. Humo ndimo tunaweka majina ya wanachama, akiba, mikopo na barua. Sehemu inayoguswa na kila mkono ni kibodi, yaani ubao wa vitufe vya kuandikia. Hiyo ndiyo hupata vumbi, makombo na chai.

Ubaya wa kibodi mbovu si kuchelewesha barua tu. Tuseme mwanachama ameleta shilingi 500. Kitufe cha 0 kikijirudia, kompyuta itaonyesha 5,000. Kikikataa mara moja, itaonyesha 50. Hapo ugomvi huanza, na mweka hazina huitwa mwizi bure. Kwa hivyo mkiona kitufe kina wasiwasi, simamisheni hesabu za kompyuta na muandike kwa daftari mpaka shida ijulikane.

Kabla ya kutoa pesa za kikundi, fuateni hatua hizi. Tumeanza na zile zisizo na gharama.

1. Pengine hakuna kilichoharibika. Kama kompyuta inakataa neno la siri, angalieni taa ya Caps Lock. Huenda herufi zinatoka kubwa. Kwa laptopu ndogo, ukibonyeza U, I, O ukapata 4, 5, 6, basi Num Lock imewashwa, izimeni. Kama alama ya @ na alama ya kunukuu zimebadilishana mahali, mpangilio umehama kati ya ule wa Uingereza na ule wa Marekani. Na kama herufi haitoki mpaka uishikilie kwa muda, huenda mtu alikalia Shift ya kulia. Kwa kompyuta za Windows, kuishikilia kwa sekunde 8 huleta mpango wa kupuuza miguso mifupi. Ishikilieni tena sekunde 8 kuuondoa. Mwisho, zimeni kompyuta na kuiwasha upya.

2. Angalieni waya. Kama vitufe vyote vimekufa, chomoeni plagi ya USB na muichomeke kwa tundu lingine. Kama plagi ni ya mviringo, ya kompyuta za zamani, zimeni mashini kwanza. Ina sindano ndogo 6 zinazopinda upesi, msiisukume kwa nguvu. Kibodi isiyo na waya, badilisheni betri.

3. Hesabuni vitufe vibovu. Fungueni ukurasa mtupu, mbonyeze kitufe kimoja kimoja, mkiandika kwa karatasi vilivyokataa. Kitufe kimoja kikikwama, mara nyingi ni uchafu. Vitufe kadhaa vikifa kwa pamoja, huenda njia ya umeme iliyo ndani imekatika, kwa maana vitufe hutumia njia hizo kwa ushirika. Hapo kusafisha huenda kusisaidie.

4. Safisheni. Zimeni kompyuta, chomoeni kibodi, muipindue na kuigonga polepole mgongoni. Pitisheni brashi laini katikati ya vitufe, kisha mpanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu kwa spiriti ya hospitali. Msimwage maji. Laptopu yenyewe izimwe kabisa na chaja itolewe.

5. Chai ikimwagika, usingoje kumaliza barua. Zima papo hapo, toa chaja au waya, na betri kama inatoka. Pindua mashini ili maji yatoke, uiache kivulini penye hewa kwa siku mbili au zaidi. Usiiweke karibu na moto. Sukari na maziwa hubaki vikigandisha vitufe, kwa hivyo laptopu iliyomwagikiwa chai ipelekwe kwa fundi kabla ya kuwashwa.

6. Jaribuni kibodi nyingine. Azimeni kwa kikundi jirani au shuleni. Ikiandika vizuri, basi kompyuta ni nzima, na mnahitaji kibodi tu. Hata laptopu yenye vitufe vibovu hutumika kwa kuchomeka kibodi ya nje ya USB. Msikubali upesi kuambiwa mnunue kompyuta nzima. Lakini kama hata ya kuazima inakataa, shida iko ndani ya kompyuta. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mkishatengeneza, kazi haijaisha. Katibu na mweka hazina wakae pamoja, walinganishe kila kiasi kilichoingizwa siku zile za ubovu na risiti pamoja na daftari. Kibodi mpya haitarekebisha sufuri iliyokwisha kuandikwa.

Ya kuzungumza mkutanoni:
- Nani ana ruhusa ya kutumia kompyuta yetu, na chai inywewe wapi?
- Je, hesabu zetu zote ziko pia kwenye daftari?
- Tukimaliza kazi, tunaifunika kwa nini?