Umri wa Mpira wa Maji Katika Kitalu cha Chama



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, nilikuta hati tatu za malipo za miaka mitatu mfululizo, kila moja ikiwa ya ununuzi wa mpira wa maji wa mita 30 kwa ajili ya kitalu cha miche. Ghalani haukuwapo hata mmoja. Baadhi ya wanachama walikwisha kusema wazi kwamba Katibu ameichukua, na Kamati ilikuwa tayari kumsimamisha kazi. Niliomba kwanza tukatazame kitalu. Nyuma ya banda tulikuta vipande vya mipira yote mitatu, vimekauka kama magome ya mti na kupasuka upande uliokuwa ukielekea juani. Mipira hiyo ililiwa na jua. Kosa la Katibu lilikuwa kutoandika.

Mipira mingi inayouzwa madukani hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Plastiki hiyo kwa asili yake ni ngumu, kama ile ya mabomba yanayofukiwa ardhini. Hulainishwa kiwandani kwa kuchanganywa na vilainisho maalumu. Joto huvitoa vilainisho hivyo kidogo kidogo, na miali ya jua huidhoofisha plastiki yenyewe, hata mpira huwa mgumu na kupasuka unapokunjwa. Mpira wa plastiki tupu ukiachwa juani mchana kutwa huenda usimalize misimu miwili. Wenye nyuzi katikati ya matabaka yake, ukitunzwa kivulini, huweza kupita miaka mitano.

Adui wa pili ni maji yaliyofungiwa ndani. Mtunza kitalu akifunga mdomo wa mpira na kuiacha koki wazi, maji husukuma kuta za mpira usiku na mchana, na jua likizidi kuupasha joto, hulainika, huvimba na kupasuka. Adui wa tatu ni mikunjo, kuburutwa juu ya mawe, na kutundikwa kwenye msumari mmoja.

Kwa hiyo bei ya dukani peke yake haitoshi kuwa kipimo. Tuseme mpira mmoja ni shilingi 60,000 nao hudumu mwaka mmoja, na mwingine ni shilingi 150,000 nao hudumu miaka 5. Wa kwanza hukigharimu chama shilingi 60,000 kila mwaka; wa pili shilingi 30,000 tu. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli pale tu mpira unapotunzwa. Yafaa basi kila chama kizingatie haya:

(a) Baada ya kumwagilia, koki ifungwe, maji yote yatolewe, na mpira uzungushwe kwa duara pana na kuwekwa kivulini, juu ya gurudumu kuukuu au kigogo kinene.

(b) Mpira ukitoboka, sehemu mbovu ikatwe na ncha mbili ziunganishwe kwa kiungio na vibano. Kufunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli ni msaada wa siku chache tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

(c) Ncha ya mpira isizamishwe kamwe ndani ya pipa la dawa ya mimea. Nguvu ya maji ikipungua ghafla bombani, dawa huweza kunyonywa na kurudi katika maji wanayokunywa watu. Iachwe nafasi wazi kati ya ncha ya mpira na dawa.

(d) Siku mpira unaponunuliwa, uandikwe katika daftari la mali: tarehe, urefu, aina, bei, namba ya hati ya malipo, na jina la aliyekabidhiwa. Ukichakaa, usitupwe kimyakimya. Kamati iuone, iamue kuufuta, na uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Katika chama nilichokitaja, Kamati iliacha shauri lake na daftari la mali likafunguliwa siku hiyo hiyo. Lakini maneno yaliyokwisha kusemwa kijijini hayafutiki kwa wino. Mstari mmoja wa daftari, ulioandikwa kwa wakati wake, ungelinda fedha za wanachama na jina la mtumishi wao pia.