Yatima aliyepewa shule zote za California

Ukiwauliza vijana wa mjini wanataka kuwa nani, wengi watakutajia meneja wa benki, mwanasheria, msanii, au "popote palipo na mshiko." Sijamsikia hata mmoja akisema anataka kuwa bosi wa elimu. Cheo chenyewe kinaonekana kimejaa vumbi la chaki, hakina dili. Sasa wiki hii nawaletea jamaa aliyekishika cheo hicho kikatikisa jimbo zima kule Marekani. Aliitwa Wilson Riles.

Riles alizaliwa mwaka 1917 kijijini, karibu na mji wa Alexandria, jimbo la Louisiana. Kusini mwa Marekani enzi hizo mtu mweusi alikuwa na shule yake, tena ile mbovu. Akiwa bado mtoto, mama akafariki, baba naye akafuata. Hebu fikiria, yatima, mweusi, maskini, halafu zama za ubaguzi! Wangapi wangekata tamaa hapo?

Familia moja ikamchukua na kumlea, na baadaye wakahamia wote Flagstaff, jimbo la Arizona. Chuo alichosoma pale alikuwa mweusi peke yake. Akamaliza mwaka 1940, na kazi yake ya kwanza ikawa kufundisha kwenye shule ya chumba kimoja. Chumba kimoja, madarasa yote humo humo, mwalimu ni yeye! Baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya watoto weusi hapo hapo Flagstaff.

Mwaka 1958 akaingia idara ya elimu ya jimbo la California. Hakurukia ngazi. Mwaka 1965 akapewa kusimamia mpango wa kuwasaidia watoto wa familia maskini, kisha akapanda hadi kuwa naibu wa bosi mwenyewe, Max Rafferty.

Hapa ndipo patamu. Kwetu Afisa Elimu wa Mkoa anateuliwa. Kule California, bosi wa elimu wa jimbo alikuwa anapigiwa kura kama mbunge. Mwaka 1970 Riles akachukua fomu kumpinga bosi wake! Rafferty alikuwa kwenye kiti tangu 1963, jina kubwa, maneno mengi. Kura zilipohesabiwa, naibu akamwangusha mkubwa wake. Riles akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa na wananchi wa California nzima kushika cheo cha jimbo.

Mwingine akishaupata ukubwa angeanza na ofisi mpya na gari. Riles alianza na watoto wadogo. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto akiachwa nyuma madarasa ya mwanzo, kumkimbiza baadaye ni kazi na gharama. Mwaka 1972 bunge la jimbo likapitisha mpango wake wa chekechea hadi darasa la tatu, na gavana Ronald Reagan, mtu wa chama cha Republican asiyependa matumizi makubwa ya serikali, akausaini.

Mpango ulikuwa hivi. Kila shule inayotaka fedha iandike yenyewe mpango wake, na wazazi wawemo katika kuuandika. Darasani waingie wasaidizi na wazazi wa kujitolea, lengo likiwa mtu mzima mmoja kwa kila watoto 10. Mzazi hakuitwa shule siku ya kesi tu, aliitwa kufanya kazi.

Mambo hayakuwa mteremko. Wapo waliohoji kama matokeo yanalingana na fedha. Mwaka 1978 wapiga kura wakapitisha Proposition 13, iliyokata vibaya kodi ya majumba na ardhi ambayo ndiyo iliyokuwa inalisha shule. Riles alikaa vipindi vitatu. Alipotaka cha nne mwaka 1982, Bill Honig, aliyehubiri kurudi kwenye masomo magumu na nidhamu, akamshinda. Aliyemwangusha bosi kwa kura akaangushwa kwa kura. Alifariki mwaka 1999.

Kwa nini nawachosha na mzee huyu? Kwa sababu wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna mtoto wa miaka mitatu, minne, au yuko njiani. Nawaona mtaani. Tisheti ya mtoto ya bei mbaya, bethidei ina keki ya ghorofa mbili, lakini muulize baba jina la mwalimu wa chekechea, anaanza kukuna kichwa. Fedha za tuisheni tunazikumbuka mtoto akifika kidato cha nne, maji yameshafika shingoni. Riles angetuambia tumechelewa miaka kumi.

Sisemi wote tukagombee ukubwa. Nasema Jumatatu asubuhi, kabla hujawahi daladala, mpeleke mwanao mwenyewe. Chungulia darasani, hesabu watoto, hesabu watu wazima. Ukikuta mwalimu mmoja na watoto 80, uliza kamati ya shule inakutana lini, na uende. Dada zangu wanakwenda, tatizo ni sisi akina kaka.

Haya, tukutane wiki ijayo. Msalimieni mwalimu!