Gesi Iliyoishia Mikese

Jirani yangu hapa Mazimbu, Morogoro, alikwenda Dar es Salaam kufunga mfumo wa gesi kwenye gari lake. Siku ya kurudi alijaza mtungi Ubungo, akapita Kibaha, Chalinze na Bwawani moyo ukiwa mweupe. Alipokaribia Mikese, Uluguru ikianza kujitokeza mkono wa kushoto, kipimo cha gesi kilibaki na taa moja, kisha gari likahamia lenyewe kwenye petroli. Kilo 11 zilikuwa zimekwisha. Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa akienda kazini kwa petroli, na buti limejaa mtungi mtupu.

"Mwalimu, hebu niambie ukweli, nimeokoa au nimepoteza?" aliniuliza. Tukakaa barazani na karatasi na kalamu. Makala haya yametoka kwenye karatasi ile.

Kilo moja ya gesi asilia ya magari imekuwa ikiuzwa Dar es Salaam kwa shilingi 1,550 hivi. Petroli haitulii: EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Agosti 2022, miezi michache baada ya vita vya Ukraine kuanza, lita moja ilivuka shilingi 3,400 Dar es Salaam. Huku Morogoro bei huwa juu kidogo, kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini. Sisi tuliweka 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Tukaweka pia kwamba kilo moja ya gesi hulitembeza gari umbali wa lita 1.4 za petroli, na kwamba gari lenyewe hutembea kilomita 12 kwa lita.

Tukaanza na mtu wa Dar, dereva wa teksi anayezunguka kilomita 150 kwa siku. Kwa petroli anateketeza lita 12.5, yaani shilingi 37,500. Kwa gesi anamaliza kama kilo 9, shilingi 14,000 hazifiki. Zaidi ya shilingi 23,000 zinabaki mfukoni kila siku. Kama mfumo umemgharimu milioni 2, baada ya miezi mitatu hela yake imerudi. Ndiyo maana madereva wale wanavumilia foleni za saa nyingi kwenye vituo vya gesi, wengine usiku. Hawajachanganyikiwa. Dereva mwenye hesabu ya tajiri kila jioni anajua thamani ya shilingi 23,000.

Kisha tukaja kwa jirani yangu. Nyumbani, kazini, sokoni, kanisani: kilomita 20 kila siku anayotoka, 500 kwa mwezi. Petroli inamtoka shilingi 125,000. Angekuwa na gesi mlangoni angeokoa kama 78,000 kwa mwezi, na milioni 2 zingerudi baada ya miaka miwili na zaidi. Lakini gesi haiko mlangoni. Akatulia kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo tatizo langu si gari. Ni mahali ninapoishi."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo matangazo mengi ya kuokoa mafuta yanapopita bila kusimama. Gesi yetu iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba kubwa kutoka Mtwara, lililozinduliwa mwaka 2015, linapandisha gesi hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Huku Morogoro halifiki. Gesi ya kuuziwa gari hapa lazima ishindiliwe kwenye mitungi mikubwa na kubebwa kwa lori, umbali wa kilomita 190 hivi. TPDC, shirika la taifa la mafuta, imekuwa na mpango wa vituo vinavyohamishika kwa ajili ya maeneo yasiyo na bomba, na naombea ufanikiwe. Kwa bajaji za mjini kwetu, zinazoshinda barabarani kuanzia alfajiri, ungekuwa ukombozi. Wale ndio wa kufikiriwa kwanza, kabla ya sisi wenye magari yanayolala chini ya mwembe kutwa nzima.

Mke wa jirani alikuwa na neno lake. Alitaka mtungi ule utolewe kwa sababu siku moja utawalipukia. Hofu hiyo siidharau, maana mji huu umeshaona moto. Agosti 10, 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, watu wakaenda kuchota, na moto ukaua watu zaidi ya 100. Nilichomweleza shemeji ni kwamba gesi hii si ile ya kupikia. Ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya sakafuni. Hii ya magari ni nyepesi, ikivuja hupanda na kutawanyika. Lakini ndani ya mtungi imeshindiliwa kwa mgandamizo unaokaribia mara 90 ya ule wa tairi la gari dogo. Kwa hiyo mfumo afunge fundi aliyesomea, na mtungi ukaguliwe kwa wakati wake. Wanaotafuta mtungi wa bei rahisi kwa fundi wa uchochoroni wanafanya kosa ambalo hakuna akiba inayoweza kulilipia.

Vipi kuhusu haibridi, magari yanayochanganya petroli na umeme? Aqua na Prius kutoka Japani zimeshazoeleka barabarani. Gari hizi hung'ara penye foleni, kwa sababu kila unapokanyaga breki, nguvu iliyokuwa ipotee inarudishwa kwenye betri. Foleni ya Kimara kule Dar ndiyo shamba lake. Kwenye barabara kuu ya Chalinze, ambako unakanyaga mwendo mmoja, faida hupungua. Tukipiga kilomita 20 kwa lita dhidi ya 13 za gari dogo la kawaida, mtu wa kilomita 500 kwa mwezi anaokoa kama shilingi 40,000. Betri kubwa ikifa na kuibadilisha kukagharimu, tuseme, milioni 3, umekula akiba ya miaka sita. Na joto letu halina huruma kwa betri iliyokwisha kutumika miaka kumi ughaibuni. Kwenye Aqua, betri hupumua kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Watu huliziba kwa mabegi na magunia, au vumbi la barabara za milimani hulijaza. Likisafishwa kwa wakati, betri huongezewa maisha bila gharama yoyote ya maana.

Gari la umeme mtupu ndilo lenye hesabu tamu zaidi kwenye karatasi. Kilomita 500 ni kama uniti 75, na kwa mteja wa kawaida wa TANESCO uniti moja na kodi zake ni shilingi 350 na ushee: shilingi 27,000 hivi kwa mwezi. Ila aliye kwenye kundi la shilingi 100 kwa uniti atalipoteza, kwa sababu nafuu ile ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na gari peke yake linazimaliza. Umeme wenyewe tunao: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024.

Mwaka huohuo, tarehe 14 Juni, chombo cha umeme kilianza kutujia chenyewe: treni ya reli ya kisasa (SGR), Dar hadi Morogoro, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 13,000. Kwa gari la jirani yangu, petroli ya kwenda Dar peke yake ni shilingi 48,000 hivi. Wakiwa watu wanne, gari linakaribiana na treni. Akiwa peke yake, halioni ndani.

Karatasi ilipojaa, tuliigeuza, akaandika upande wa pili jina la mdogo wake anayeendesha teksi Mbezi, Dar. Jumamosi iliyofuata alilipeleka gari na kumkabidhi ufunguo. Alirudi kwa treni ya jioni, akashuka stesheni, akachukua bajaji hadi Mazimbu. Mdogo wake humtumia hesabu kwa simu kila Jumapili usiku, na mtungi hujazwa kila siku.