Kuinua pikapu juu ya mipira mikubwa: mambo ya kujua mbele ya kuingia garaji

Ukifika Sake, barabara inagawanyika. Moja inapanda Mushaki kwenda Masisi, ingine inafuata ziwa kupitia Shasha, Kirotshe, Bweremana mpaka Minova. Zote mbili, mvua ya mwezi wa tisa ikishaanza, shoferi wa pikapu anajua tayari ni fasi gani tumbo ya gari itagusa chini. Makamyo yamechimba mifereji miwili mirefu, katikati kumebaki mgongo wa udongo, na pikapu ya chini inapanda juu ya ule mgongo na kubaki pale, magurudumu yanazunguka bure ndani ya potopoto. Vijana wanakuja kusukuma, unawalipa. Siku ingine wanakuvuta na kamyo, unalipa zaidi. Makuta ya safari imeisha mbele ya kufika.

Njo maana swali hili linarudi kila mara: namna gani kuinua pikapu ili ivae mipira mikubwa, bila kuwa na dola elfu za kununua vifaa vipya vya Ulaya ao Australia? Inawezekana. Lakini kuko namna za bei ndogo ambazo ni nzuri, na kuko zingine ambazo zinaua watu. Tuzitenganishe.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja ambalo wengi wanachanganya. Kuinua gari na kuongeza mpira si kitu kimoja. Gari ya nyuma ngumu, sawa Hilux ao Land Cruiser, iko na kile kichwa kikubwa cha chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, mashoferi wanaita “pon”. Pon inakaa juu ya mipira, haikai juu ya resori. Hata ukiinua kabini na benne sentimita 10, pon inabaki palepale ilipokuwa, na mgongo wa udongo utaigonga kama jana. Kitu kimoja tu kinainua pon: mpira mrefu zaidi. Na mpira ukiongezeka sentimita 6 kwa urefu wote, pon inapanda sentimita 3 tu, maana nusu moja iko juu na nusu iko chini ya katikati ya gurudumu.

Kwa hiyo kuinua gari iko na kazi moja kubwa: kupata nafasi ili mpira mkubwa usiguse ele na shasi. Hakuna sababu ya kuinua zaidi ya ile nafasi mpira unaomba. Anayeinua juu ya kuonekana tu, analipa kwa kuanguka.

Tuchukue Hilux ya zamani yenye kutembea na mpira wa 205R16. Ule mpira uko na urefu wa karibu sentimita 74. Ukivalisha 7.50R16 ao 235/85R16, unafika karibu sentimita 80. Hizo ni mipira mirefu na myembamba, na mimi naona njo inafaa kwetu. Vijana wanapenda mpira mpana, sawa 265/75R16, ambao nao uko na sentimita 80 lakini unajaza ele vizuri kwa macho. Mpira mpana ni mzuri kwa mchanga, unaelea. Kwetu potopoto iko juu na chini yake kuko mara nyingi udongo mgumu ao mawe. Mpira mwembamba unakata potopoto na kufika fasi ngumu. Tena mpana unaomba jante pana, ile ni makuta ingine. Na ukitaka kuazima jante, hesabu tundu za buloni: Hilux ya 4x4 iko na 6, Land Cruiser 79 iko na 5. Haziingiliani.

Mbele ya kulipa kitu chochote, fanya kipimo hiki. Omba rafiki akuazime gurudumu moja ya ule urefu unaotaka. Ivalishe mbele, pandisha ile gurudumu juu ya jiwe kubwa mpaka ele inakaribia, kisha zungusha volani mpaka mwisho, kuume na kushoto. Fasi inapogusa, tia alama na chaki. Mara nyingi utaona inagusa kona ya pare-shoki na ile plastiki ya ndani ya ele, basi. Pale kukata kidogo, kupiga nyundo ukingo wa chuma na kupaka rangi ili kutu isiingie, inatosha. Hii njo kazi ya bei ndogo kuliko zote, na haibadilishe kitu chochote ku direksio.

Kama inaomba kuinua kweli, anza mbele. Hilux nyingi za miaka ya 90 ziko na barre de torsion, zile fimbo mbili za chuma zinazojikunja pahali pa resori. Kuko buloni ya kuzikaza, na fundi anaweza kupandisha gari kwa nusu saa bila kununua kitu. Shida ni kwamba wengi wanakaza mpaka mwisho. Usipite sentimita 3. Ukipita, kadani zinakunjama, mipira yake ya grisi inapasuka, potopoto inaingia, na kadani inakufa. Tena gurudumu haiwezi tena kushuka ndani ya shimo, inaruka. Kwa Hilux zilizotoka tangu 2005, mbele kuko resori ya kuzunguka pamoja na amortiseri ndani yake; pale watu wanaweka kale ya chuma juu. Ujue kwamba kwa namna ile gari imejengwa, kale ya sentimita 1 na nusu inainua gurudumu karibu mara mbili yake. Land Cruiser 79 iko tofauti: mbele yake ni pon ngumu yenye resori za kuzunguka, kale ya sentimita 3 inainua sentimita 3. Na ile Land Cruiser 75 ya zamani iko na lame mbele na nyuma.

Nyuma, namna nzuri kwetu ni kuongeza lame ndani ya resori. Mafundi wetu wanaijua tangu zamani, juu ya mizigo ya makala na viazi. Inainua na inabeba. Ubaya wake: gari tupu inakuwa ngumu, mgongo unauma. Namna ya pili ni kurefusha jimeli, vile vipande viwili vinavyoshika mwisho wa resori. Jimeli ikirefushwa sentimita 5, gari inapanda kama 2 na nusu. Isizidi pale, maana gari inaanza kuyumba kando kwa kando. Namna ya tatu ni kuweka bloki kati ya pon na resori, na bride ndefu zaidi za kuifunga.

Juu ya bloki, sikilizeni vizuri. Nyuma inakubaliwa, kama ni ya chuma ao aluminiamu iliyo nzima, moja tu kila upande, yenye kidole kinachoingia ndani ya tundu ya pon. Bloki mbili moja juu ya ingine, hapana. Bloki ya mbao, hapana, hata ikiwa mti mgumu namna gani. Maji na grisi vinaingia, inapasuka. Na mbele, ku magurudumu yanayopinda, bloki hapana kabisa. Ukipiga breki nguvu kwenye mteremko, inaweza kuruka, pon inageuka, na pale volani haina tena kazi.

Sasa jambo ambalo ma garaji mengi hayasemi. Hilux nyingi ziko na kifaa kidogo nyuma, karibu na pon, chenye fimbo iliyofungwa kati ya shasi na pon. Kile kinapima kama gari imebeba. Shasi ikishuka, kinaelewa kuko mzigo, kinapeleka nguvu mingi ku breki za nyuma. Ukiinua shasi, kinafikiri kila siku gari iko tupu, na breki za nyuma zinapata nguvu kidogo. Unashuka Mushaki na tani moja ya viazi, na breki za mbele peke yake njo zinafanya kazi mpaka zinawaka moto. Dawa ni rahisi: fundi akate kipande cha chuma, arekebishe kishikio cha ile fimbo kwa kipimo kilekile ulichoinua. Kazi ya dakika 20. Mwambie mwenyewe, usingoje akukumbushe. Angalia pia mipira ya breki inayokwenda ku magurudumu: gari ikiwa juu ya krik, magurudumu yakining'inia, isivutike kama kamba.

Mpira mkubwa unabadilisha mahesabu mengine. Kutoka sentimita 74 mpaka 80, kilometa zinadanganya: sahani ikionyesha 60, unatembea 65. Moteri inachoka zaidi kwenye mlima, utashuka vitesi mapema, mazutu itaongezeka. Taa nazo zinaangalia juu na kupofusha mamotari. Zishushe na bisi yake. Na peleka gari kwa paralelisme. Kama mashine hakuna karibu, fundi mwenye akili anaweza kupima na kamba na meta, mbele na nyuma ya magurudumu. Bila hiyo mipira mipya italiwa upande mmoja ndani ya miezi michache.

Juu ya okazi. Mipira mingi inayouzwa Goma imeshafanya kazi fasi ingine, Dubai ao Kampala. Angalia ubavuni, mwisho wa herufi DOT, kuko tarakimu nne. 2317 ni juma la 23 la mwaka 2017. Mpira wenye kupita miaka 10 usiununue hata kama meno yote iko, maana umekauka ndani. Angalia tena namba ya uzito: 104 inabeba kilo 900 kila mpira, 112 inabeba 1120, 121 inabeba 1450. Kwa pikapu ya mizigo, 104 ni kidogo. Na kati ya Sake na Goma, mawe ya volkano yanakata ubavu mwembamba sawa kisu.

Kinachobaki ni watu. Pikapu zetu hazibebi mzigo tu. Juu ya mifuko kunakaa mama na mtoto mgongoni, wanafunzi, wauzaji wa sambaza. Kila mmoja anayeona chukudu anajua: mzigo ukipangwa chini, unashuka mlima, ukipangwa juu, kona ya kwanza inakuangusha. Gari iliyoinuliwa sentimita 5, yenye mifuko mpaka juu ya kabini na watu 10 juu ya mifuko, ni ile chukudu ya pili. Kwenye mifereji ya kando ya ziwa, gurudumu moja ikiingia chini, shimo ambalo gari ya zamani ilikuwa inavumilia linaweza kupindua hii. Kwa hiyo, mwenye gari akikuambia “Shoferi, sasa iko juu, ongeza mzigo,” mjibu kwa heshima: “Papa, sasa iko juu, inaomba tupunguze.” Mifuko mizito ikae chini, karibu na kabini, na watu wasipande juu yake.

Kazi ikiisha garaji, fanya safari ya kwanza tupu, Goma na kurudi. Ukifika, toa funguo ukaze tena bride zote na buloni za magurudumu, maana chuma kipya kinalegea kikishajipanga. Ukikuta moja imezunguka hata robo, kaza, na rudia tena safari inayofuata mbele ya kupakia mfuko wa kwanza.