Posa na Mizinga: Jinsi ya Kuoanisha Mataifa Mahasimu katika Hadithi za Mashabiki

Tarehe 16 Juni 1940, Wajerumani wakiwa wameshaingia Paris na serikali ya Ufaransa ikiwa imekimbilia Bordeaux, baraza la vita la Winston Churchill lilipitisha pendekezo ambalo mtunzi wa riwaya angeogopa kulibuni. Uingereza na Ufaransa ziache kuwa nchi mbili. Ziwe muungano mmoja, wenye uraia mmoja kwa watu wote na baraza moja la kuendesha vita. Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa, aliyekuwa London siku hiyo, alimsomea waziri mkuu wake Paul Reynaud pendekezo hilo kwa simu. Mawaziri wa Ufaransa wakalikataa. Reynaud akajiuzulu usiku huohuo, Jemadari Pétain akashika madaraka na kuwaomba Wajerumani wasitishe vita. Siku 17 baadaye, tarehe 3 Julai, manowari za Uingereza zilizipiga mizinga manowari za Ufaransa zilizotia nanga Mers-el-Kébir, Algeria, zisije zikaangukia mikononi mwa Hitler. Mabaharia wa Kifaransa karibu 1,300 wakafa.

Posa na mauaji, ndani ya siku 17. Ndiyo maana jozi hii haichoshi waandishi wa hadithi za mashabiki.

Kwa msomaji asiyeufahamu ulimwengu huo: Hetalia ni katuni ya Mjapani Hidekaz Himaruya, iliyoanzia mtandaoni, ikatoka kama kitabu mwaka 2008 na kama filamu fupifupi za anime kuanzia 2009. Ndani yake kila nchi ni mtu. Ana uso, ana tabia, ana majirani anaogombana nao, na anaishi karne kwa karne bila kuzeeka kama sisi. Mashabiki waliichukua dunia hiyo wakaanza kuandika hadithi zao wenyewe, nyingi zikiwaoanisha wahusika wawili. Mkwaju kati ya majina mawili huashiria mapenzi; alama ya & huashiria urafiki au undugu. Desturi ya mkwaju ni ya tangu miaka ya 1970, pale mashabiki wa Star Trek walipowaoanisha Kirk na Spock. Uingereza na Ufaransa, ambao kwa majina ya kibinadamu huitwa Arthur Kirkland na Francis Bonnefoy, ni miongoni mwa jozi zinazojulikana zaidi.

Wanafunzi wa fasihi wanaijua mbinu hii kwa jina la tashihisi. Hapa nitaitumia hivi: nikisema Uingereza "anakataa", nazungumzia mhusika; nikisema "inakataa", nazungumzia dola yenye bunge, jeshi na walipa kodi. Hadithi nyingi hupotea njia pale mwandishi anaposahau tofauti hiyo.

Kosa la kwanza ni kudhani ulinganifu wa wahusika ni kuwapanga kinyume. Mmoja anapenda chai, mwingine divai. Mmoja mkavu, mwingine mbembezi. Mmoja anaunguza chakula, mwingine ni fundi wa mapishi. Himaruya mwenyewe anautumia sana mpangilio huu, nao unachekesha, lakini ni urithi wa zamani kuliko yeye. Mwaka 1712 daktari wa Malkia Anne, Mskoti John Arbuthnot, alitunga mfululizo wa vijitabu vya dhihaka kuhusu vita ya kugombea kiti cha Hispania. Aliigeuza vita hiyo kuwa kesi mahakamani. Uingereza akawa mfanyabiashara wa nguo aitwaye John Bull, mwenye hasira za haraka na moyo mweupe. Hasimu wake akawa jirani yake Lewis Baboon, yaani Louis XIV wa ukoo wa Bourbon. Kwa maneno mengine, John Bull, uso wa Uingereza kwa karne mbili zilizofuata, alizaliwa siku moja na hasimu wake Mfaransa. Wachoraji waliofuata walizidisha tofauti hizo, John Bull akinenepa na Mfaransa akikonda, kwa sababu mchoro wa gazeti unapaswa kueleweka kwa kutupiwa jicho mara moja.

Hadithi ya kurasa 40 haina dharura hiyo. Tofauti za juujuu zinatosha kuwafanya wahusika wabishane mezani, hazitoshi kueleza kwa nini hawaachani. Nashikilia kwamba ulinganifu wenye uzito kati ya mahasimu ni tendo lilelile lililotendwa na wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake, na kila mmoja akiwa anakumbuka zaidi lile alilotendewa.

Chukua suala la kukataa. Mwaka 1940 Uingereza anaposa kwa hofu ya kuachwa peke yake. Ufaransa, aliyekwisha kuanguka, anaiona posa hiyo kama njia ya kumezwa. Septemba 1956 mambo yanageuka. Rais Nasser wa Misri ameutaifisha Mfereji wa Suez, Algeria inawaka moto, na waziri mkuu wa Ufaransa Guy Mollet anakwenda London kumweleza mwenzake wa Uingereza, Anthony Eden, wazo la kuziunganisha nchi hizo mbili. Safari hii Uingereza ndiye anayekataa. Nyaraka za mazungumzo hayo zilikaa kimya kwa muda mrefu, wengi wakazifahamu mwaka 2007 tu. Himaruya aliligusa tukio hilo katika katuni yake: Ufaransa anamletea Uingereza karatasi za ndoa, naye anazikwepa kwa hofu kubwa. Kisha Uingereza anabisha hodi kwenye Jumuiya ya Ulaya, na tarehe 14 Januari 1963 rais wa Ufaransa anamfungia mlango mbele ya waandishi wa habari. Mwaka 1967 anamfungia tena. Rais huyo ni nani? Ni de Gaulle, yuleyule aliyeisoma posa ya 1940 kwenye simu.

Hakuna mwandishi anayepaswa kulipita jambo hilo bila kusimama. Sauti iliyotamka "tuwe kitu kimoja" ndiyo iliyokuja kutamka "hapana" miaka 23 baadaye. Ukimfanya Ufaransa awe mhusika, de Gaulle anakuwa kumbukumbu yake, na kila neno la 1963 linabeba London ya 1940: jenerali asiye na nchi, mgeni katika mji wa wengine, anayelishwa na kuhifadhiwa na watu waliowaua mabaharia wake. Fadhila ya namna hiyo huumiza kuliko tusi. Hapo mwandishi ana sababu ya kukataa iliyo ndani ya mhusika, na hahitaji kumfanya Ufaransa awe mkorofi kwa asili.

Jaribio ninalowapa waandishi chipukizi ni kubadilisha majina. Andika tukio la kukataa, kisha mweke Uingereza mahali pa Ufaransa na Ufaransa mahali pa Uingereza. Tukio likibaki bila kubadilika hata neno, wahusika wako ni sanamu mbili zilizovishwa bendera. Likivunjika kabisa, hujajenga ulinganifu. Unachotafuta ni tukio linalosimama baada ya kubadilishwa, lakini sababu zake zinabidi ziandikwe upya: woga unakuwa kiburi, kiburi kinakuwa uhitaji.

Jeanne d'Arc, msichana aliyeipigania Ufaransa dhidi ya Waingereza, ni mtihani mgumu zaidi, na mashabiki wengi hufeli hapa. Hadithi ya kawaida humweka Ufaransa akilia na Uingereza akishika mwenge. Rekodi ya kihistoria ni chungu zaidi. Mwaka 1430 msichana huyo alikamatwa na Waburgundia, watu wa upande wa pili wa Ufaransa ileile, wakamuuza kwa Waingereza. Aliyeongoza kesi yake, Askofu Pierre Cauchon, alikuwa Mfaransa, na wasomi wa Chuo Kikuu cha Paris waliunga mkono hukumu. Charles VII, aliyetawazwa Reims mwaka 1429 kwa juhudi za msichana huyo, hakumkomboa. Alichomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431. Ukiyaweka hayo yote mezani, Ufaransa hana haki ya machozi safi. Wote wawili wana majivu mikononi, tofauti ni kwamba mmoja anaruhusiwa kuomboleza hadharani. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli kati yao yangeweza kuanza, na ni nadra sana kuyasoma.

Kuna pia suala la nani yumo ndani ya nani. Tangu William wa Normandy alipoishinda Uingereza mwaka 1066, watawala wa Uingereza walisema Kifaransa kwa vizazi kadhaa, na hadi leo kaulimbiu kwenye nembo ya mfalme wa Uingereza imeandikwa kwa Kifaransa. Upande wa pili, kuanzia Edward III mwaka 1340, wafalme wa Uingereza walijiita pia wafalme wa Ufaransa, na dai hilo halikuondolewa rasmi hadi 1801, zaidi ya miaka mia mbili baada ya kupoteza Calais, kipande chao cha mwisho cha ardhi huko. Mhusika anayetembea karne nne na nusu akijiita kwa jina la mwenzake ana jambo la kueleza. Himaruya anamchora Uingereza mdogo akijaribu kufuga nywele kama za Ufaransa, na mchoro huo unanigusa kuliko vichekesho vyake vya mapishi, kwa kuwa unaona kwamba chuki hii ilianza kwa kuiga.

Kuhusu Marekani nitasema kidogo, maana suala hilo limeandikwa sana. Katika Hetalia wote wawili wanamgombea mtoto huyo, naye anamchagua Uingereza. Mwaka 1778 Ufaransa inaingia vitani kumsaidia aondoke kwa Uingereza, na mwaka 1781 meli za admirali wa Kifaransa de Grasse ndizo zilizoziba njia ya bahari hadi jeshi la Uingereza likasalimu amri Yorktown. Madeni ya vita hiyo ni mmoja wa mizigo iliyomlazimu Louis XVI kuita Bunge la Matabaka mwaka 1789. Ufaransa alimwadhibu hasimu wake na gharama ikaja kumwangukia mwenyewe.

Jozi hii inavumilia mapenzi kwa sababu nguvu zao zinakaribiana. Kila mmoja amempiga mwenzake, kila mmoja amepigwa. Hali hiyo haipatikani kwa kila jozi. Mshindi na mtawaliwa wakiandikwa kama wapenzi waliokoseana kidogo, uvamizi unageuka uchumba na waliokufa wanafutwa. Januari 2009 malalamiko yalitokea Korea Kusini juu ya namna Hetalia ilivyomchora mhusika Korea, nchi iliyotawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, na kituo cha televisheni cha Japani, Kids Station, kikaiondoa anime hiyo katika ratiba siku chache kabla ya kuanza. Wapo waliosema Wakorea walikosa ucheshi. Mimi naona walikuwa wanasoma kwa makini: walijua "a-" ya mhusika inavyoweza kuifunika "i-" ya dola.

Na Uingereza na Ufaransa wanapopatana, kwa kawaida kuna mtu wa tatu anayelipia. Tarehe 10 Machi 1862 walitia saini tamko la kuheshimu uhuru wa Sultani wa Muscat na Sultani wa Zanzibar. Agosti 1890 wakakaa tena: Ufaransa ikakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, Uingereza ikakubali Madagascar iwe chini ya Ufaransa. Ukiandika tukio hilo kama usiku wa mapatano kati ya wapenzi wawili wazee, umeandika nusu yake. Waliogawanwa hawakuwa na kiti mezani.

Nawaomba waandishi wetu, hasa vijana wanaoandika hadithi hizi kwa Kiingereza wakiamini kwamba tashihisi ya mataifa ni mali ya Ulaya na Japani, waitazame jozi iliyo karibu nao zaidi. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipofariki mwaka 1856 aliacha milki moja na wana waliogombana: Thuwaini huko Muscat, Oman, na Majid huko Zanzibar. Mwaka 1859 Thuwaini alituma meli za vita dhidi ya ndugu yake, Waingereza wakazirudisha. Mwaka 1861 Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, akaamua milki igawanywe, Zanzibar iwe inailipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Oman na Zanzibar: ndugu, mahasimu, mdai na mdaiwa, wametenganishwa na hakimu asiyekuwa wa ukoo wao, na familia za pande zote mbili zingali zinatembeleana hadi leo. Kila kitu ambacho Uingereza na Ufaransa wanampa mwandishi kimo hapo, na lugha ya kukiandika tunayo. Kiandikeni, kwa mkwaju au kwa &, lakini kwanza someni rekodi za pande zote mbili.