Jino la Nguruwe Katika Jangwa la Sibiloi

Kabla ya likizo ya Agosti mwaka jana, mtu akinitajia jangwa nilichokiona akilini mwangu ni mchanga, jua na ngamia. Basi. Kwa hivyo mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotangaza kwamba tutaungana na wenzetu wa Chama cha Historia kuzuru Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, nilimnong'onezea jirani yangu, "Yaani tupande lori siku tatu kwenda kutazama mawe?" Mwalimu alinisikia. Hakunikemea. Alisema tu, "Wewe ndiwe utakayetuandikia makala ukirudi."

Makala yenyewe ndiyo haya. Nia yangu ni kueleza jinsi matembezi ya kuongozwa yanavyofanywa katika mbuga ya jangwani, yanamfundisha mtu nini, na kwa nini kuna sheria moja ambayo waelekezi wa huko hawaifanyii mzaha hata kidogo. Sheria hiyo mimi niliivunja. Nitasimulia bila kuficha, maana mficha uchi hazai.

MAHALI PENYEWE

Tulilala Isiolo, tukalala Marsabit. Kutoka Marsabit tuliiaga lami, tukavuka Jangwa la Chalbi ambalo ni uwanda mweupe wa chumvi usio na mwisho, tukapita North Horr, na jioni ya siku ya tatu tukafika tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Upepo wa huko, ndugu zangu, si upepo wa kupeperusha nguo kwenye kamba. Ni upepo wa kumpeperusha mwenye nguo!

Sibiloi ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1973. Ukubwa wake ni kilomita mraba 1,570. Mbuga nyingi za Kenya zilitengwa kwa ajili ya ndovu na simba. Hii ilitengwa hasa kwa ajili ya mifupa. Huko Koobi Fora, ndani ya mbuga, ndiko Richard Leakey na kikosi chake walikoanza kuchimbua mabaki ya binadamu wa kale mwaka wa 1968. Mwaka wa 1997 UNESCO iliiweka Sibiloi katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Kisiwa cha Kati cha ziwa hilo, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka wa 2001.

Jina Koobi Fora lenyewe ni la Wagabra, wafugaji wa ngamia wa eneo hilo. Maana yake ni mahali pa miti ile inayotoa manemane. Mwelekezi wetu alikuwa Mgabra, mtu mzima mwenye mvi chache na sauti ya upole. Sisi tulimwita Mzee, naye alituita wanangu. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, lakini kilinyooka. Mlezi wetu alituambia tusikilize vizuri: Mgabra huyo, dereva wetu Mmeru, askari wa mbuga Mturkana, na sisi wa kila kabila, sote tulielewana kwa lugha moja. Wale wanaosema Kiswahili ni cha kupitia mtihani tu wangekuwepo!

SOMO LAANZA KABLA YA JUA

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa tumekwisha kupanga mstari. Matembezi huanza mapema kwa sababu ikifika saa nne jua halina simile tena. Kabla ya kupiga hatua, Mzee alikagua mambo matatu: kofia, viatu na maji. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na chupa moja ndogo alirudishwa kambini kujaza nyingine. Kisha tukasomewa sheria. Tutembee nyuma ya mwelekezi, si mbele. Tusikaribie ziwa bila ruhusa, maana Ziwa Turkana lina mamba wengi. Tuangalie tunapokanyaga, kwa sababu ya nyoka na nge. Halafu akanyamaza kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Na la mwisho. Ukiona kitu chini, niite. Usikiokote."

Nilidhani mwelekezi kazi yake ni kusema "huyu ni twiga, huyu ni swara." Kumbe sivyo. Mzee aliuliza kuliko alivyojibu. Alisimama kwenye kichaka kibichi kabisa katikati ya ukavu, akauliza, "Huyu ameyapata wapi maji?" Tukakisia hili na lile. Kilikuwa kichaka cha mswaki, huu huu tunaosugulia meno. Mizizi yake huenda chini sana, nao huvumilia chumvi iliyomo ardhini. Tulipofika kwenye mgunga akatuonyesha vijani vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Jani likiwa dogo, maji yanayopotea ni machache.

Kwa mbali tuliona choroa wanne, pembe zao zimenyooka kama mikuki. Mzee alieleza kwamba choroa huliacha joto la mwili wake lipande mchana badala ya kupoteza maji kwa kutoka jasho, kisha usiku ubaridi unapoingia mwili hupoa. Hapo nikaanza kuelewa. Jangwani kila kiumbe anafanya hesabu moja tu, hesabu ya maji.

MAKOMBE MBALI NA ZIWA

Tulipopanda mwinuko mmoja, ziwa likabaki nyuma yetu chini kabisa, tulikuta ardhi imetapakaa makombe ya konokono wa majini na mifupa ya samaki. Mzee akauliza tena, "Nani ameyaleta hapa?" Mwenzetu akajibu, "Ndege." Mwingine, "Wavuvi." Tukacheka.

Jibu ni kwamba ziwa lenyewe ndilo lililoyaleta. Miaka kama 10,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi katika sehemu hizi, na maji yalisimama makumi ya mita juu kuliko leo. Ziwa lilijaa hata likafurika kuelekea Mto Naili. Ndiyo sababu mpaka leo lina mamba na sangara wa jamii moja na wale wa Naili, ingawa sasa halina mto hata mmoja unaotoka. Maji huingia, mengi yake, karibu asilimia 90, kutoka Mto Omo wa Ethiopia, na hutoka kwa njia moja tu: kuvukizwa na jua. Kwa hivyo maji yana magadi na chumvi.

Watu wa zamani hizo waliishi kandokando ya ziwa wakivua kwa vyusa vya mifupa. Baadaye, mvua zilipopungua na ziwa likarudi nyuma, wakaja wafugaji. Hao, miaka kama 5,000 iliyopita, walizika wafu wao mahali panapoitwa Jarigole na kusimamisha nguzo za mawe. Mzee alisema jambo ambalo sikulitarajia: "Msidhani historia ya hapa ni ya mifupa ya wazungu wa Nairobi. Sisi nasi tumo." Usiku, kando ya moto, alitueleza jinsi wanawake wa Kigabra wanavyojenga nyumba ya fito na mikeka, na jinsi wanavyoivunja na kuipakia juu ya ngamia malisho yakiisha. Nyumba inahama pamoja na watu wake! Mimi ninayelalamika nikiambiwa nihamishe kitanda bwenini nilitahayari.

JINO

Sasa nifike penye aibu yangu.

Mnamo saa tatu asubuhi tulikuwa tunashuka bonde lenye kuta za udongo wa matabaka, jekundu, jeupe, kijivu. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Nikaona kitu cheusi, kidogo kuliko kidole gumba, chenye vinundu vinundu juu. Kilikuwa kizito kama jiwe lakini umbo lake lilikuwa la gego. Moyo ukanidunda. Niliangalia mbele, hakuna aliyenitazama. Nikasema moyoni, mawe yako mamilioni hapa, moja litamdhuru nani? Nikalitia mfukoni. Niliwaza jinsi nitakavyolionyesha darasani.

Tuliendelea kutembea muda mrefu, tukafika kwenye vibanda ambamo mabaki ya wanyama wa kale yameachwa palepale yalipopatikana: ndovu, kobe mkubwa ajabu, na mamba. Hapo Mzee akatuketisha kivulini, akatufundisha neno ambalo wengi wetu tulikuwa tumelikariri bila kulielewa: kisukuku. Mnyama hufa karibu na maji, matope humfunika upesi, na kwa miaka mingi madini ya ardhini huingia ndani ya mfupa mpaka mfupa unageuka jiwe. Baadaye mvua na upepo humomonyoa udongo, na kisukuku hujitokeza juu.

"Lakini mtajuaje umri wake?" akauliza. Kimya.

Akaeleza kwamba zamani volkano zililipuka mara nyingi, na majivu yake yakatanda kama blanketi. Ndani ya majivu mna potasiamu, na sehemu yake hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Wataalamu wakipima gesi hiyo hujua majivu yalianguka lini. Kisukuku kilicho chini ya tabaka la majivu ni cha kale kuliko tabaka hilo, kilicho juu ni cha baadaye. Kwa hivyo kisukuku na mahali pake ni kama barua na tarehe yake.

Kisha akatoa mfano. Mwaka wa 1972 Mkenya Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu katika eneo hilo la Koobi Fora. Vipande zaidi ya 100 viliunganishwa, na fuvu likapewa nambari 1470. Lilipatikana chini ya tabaka la majivu ambalo wakati huo lilidhaniwa kuwa na miaka milioni 2.6, kwa hivyo ikatangazwa kwamba fuvu lina karibu miaka milioni 3. Dunia nzima ikashtuka! Lakini baadhi ya wataalamu hawakukubali. Na unajua ni nini kilichowatia shaka? Meno ya nguruwe.

Naam, nguruwe. Nguruwe wa kale walibadilika upesi, na magego yao yakazidi kurefuka kadiri miaka ilivyopita. Meno ya nguruwe yaliyopatikana pamoja na fuvu yalifanana na yale ya bonde la Omo yenye umri wa miaka kama milioni 2, si 3. Mabishano yalidumu miaka kadhaa. Mwishowe majivu yalipimwa upya, ikaonekana kwamba vipimo vya kwanza vilivurugwa na chembe za zamani zaidi zilizoletwa na maji. Umri wa tabaka ukawa karibu miaka milioni 1.9. Nguruwe walikuwa wamesema kweli.

Wakati Mzee anasema hayo, mkono wangu ulikuwa mfukoni. Jasho lililonitoka si la jua. Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa. Nikasimama, nikalitoa lile jino, nikampa kwa mikono miwili. "Nisamehe, Mzee. Niliokota."

Alilipokea, akaligeuza kiganjani. "Nguruwe," akasema. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliniuliza swali moja tu: "Ulilitoa wapi, mwanangu?"

Wenzangu, sikujua! Nilijua ni bondeni. Bonde gani? Upande upi? Juu ya tabaka jeupe au chini yake? Alinirudisha, mimi na yeye na mlezi wetu, jua likiwa limekwisha kupanda. Tulitafuta karibu saa nzima. Kila ukingo ulifanana na mwingine. Upepo ulikuwa umefuta hata nyayo zetu.

Tukarudi. Mzee akatoa daftari, akaandika tarehe, akaandika "jino la nguruwe", na mbele ya neno "mahali" akachora mstari. Jino lile lilipelekwa kwa wafanyakazi wa Makavazi ya Kitaifa walioko Koobi Fora. Halikupotea, lakini barua ile sasa haina tarehe, na aliyeifuta ni mimi.

LA KUZINGATIA

Mzee alitukumbusha kwamba Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inakataza kuondoa vitu kama hivyo bila kibali. Lakini alisema askari hawezi kusimama nyuma ya kila mgeni katika kilomita mraba 1,570. Kinacholinda mahali kama pale ni mgeni kuelewa, na kazi ya mwelekezi ni kumfanya aelewe. Mwaka wa 2018 UNESCO iliiweka mbuga hii pamoja na visiwa vyake katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, hasa kwa ajili ya mabwawa yanayozuia maji ya Omo. Hatari hiyo ni kubwa kuliko mfuko wa mwanafunzi mmoja. Hata hivyo, mfuko wangu nao nimeuhesabu.

Kwa hivyo ninyi mtakaokwenda safari ijayo, nawaachia wosia mfupi. Bebeni maji ya kutosha. Bebeni daftari na maswali. Msimwache mwelekezi aseme peke yake, ukimuuliza, anafunguka. Mkiona kitu chini, simameni papo hapo mmwite. Usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza, usione vimelala, vimepangwa.

Na mlezi wetu akikusikia ukisema jangwani hakuna kitu, jiandae. Utaandika makala.