Nyumba ya Zamani: Kuziba Ufa si Kuficha Ufa

Ndugu mfanyakazi, kila siku kabla ya kuanza kazi chini ya ardhi unafanya jambo moja ambalo kapita hana haja ya kukukumbusha. Unainua taa, unaangalia juu, unashika chuma kirefu, unagonga jiwe na kusikiliza. Likilia kwa sauti kali kama kengele, jiwe ni zima. Likilia kwa sauti nzito kama ngoma, limeachana na mwamba, na hakuna mtu atakayepita chini yake mpaka liangushwe.

Sasa tuulizane. Ni wangapi kati yetu wamekwisha kugonga ukuta wa chumba wanamolala watoto wao?

Tuchukue habari ya mwenzetu mmoja ambaye familia yake inakaa Kavumu, si mbali na kiwanja cha ndege. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, ilijengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960, na aliachiwa na baba yake. Ni nyumba nzuri, yenye baraza mbele na vyumba vikubwa. Lakini ina ufa unaoanza kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari mpaka chini ya paa. Kila likizo baba huyu alirudi na mfuko wa simenti na ndoo ya rangi. Alijaza ufa, akapaka rangi, akafurahi, akarudi kazini. Kila msimu wa mvua ufa ulifunguka tena mahali pale pale. Mke wake alimwambia zaidi ya mara moja: «Baba watoto, wewe unapaka ukuta poda. Ugonjwa wake hujauuliza.»

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, saa nne za asubuhi, kipande cha plasta kipana kama mlango kilibomoka pamoja na matofali mawili, kikaangukia kitanda cha watoto. Watoto walikuwa masomoni. Mama alikuwa nyuma, jikoni. Hakuna aliyeumia. Lakini ajali hiyo ingetokea saa nne za usiku, ukurasa huu ungekuwa na habari nyingine.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini baba huyu aliziba kila mwaka! Kosa lake ni nini? Aliziba mdomo wa ufa bila kutafuta kilichoufungua.

NINI KINAFUNGUA NYUFA?

Adui wa kwanza wa nyumba ya zamani ni maji. Kwetu mvua inaanza mwezi wa Septemba na kuendelea mpaka Mei. Maji ya paa yakianguka karibu na msingi, udongo mwekundu unalowa na kuwa laini, kisha wakati wa kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, unakauka na kujikaza. Msingi unashuka upande mmoja na ukuta unapasuka. Angalieni pia mambo tunayoyafanya sisi wenyewe. Tunapanda migomba karibu na ukuta ili inywe maji ya kuogea. Tunafagia taka na udongo kuelekea nyumba, mwaka baada ya mwaka, mpaka kiwanja cha nje kinakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Tunaacha mkaratusi mkubwa usimame hatua chache kutoka msingi, nao unavuta maji yote ya ardhi na kusukuma mizizi yake.

Adui wa pili ni ardhi yenyewe. Sisi tunakaa ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika inavutwa pande mbili polepole. Ndiyo maana ardhi yetu inatetemeka. Tarehe 24 Oktoba 2002 tetemeko la nguvu ya 6.2 lilipiga upande wa Kalehe. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, lingine la nguvu ya 5.9 lilianzia kaskazini ya Bukavu, ndiyo kusema huku huku kwetu. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao upande wa Rwanda, na mamia waliumia. Nyumba nyingi hazikuanguka siku ile, lakini zilibaki na nyufa ambazo ziliwekwa plasta na kusahauliwa. Tetemeko lijalo, nyumba zitapasuka kwanza mahali zilipopasuka zamani.

Adui wa tatu anashangaza watu: ni simenti yetu yenyewe. Mafundi wa zamani walijenga mara nyingi kwa udongo au chokaa kati ya matofali. Ukuta wa namna hiyo ni laini na unapumua. Ukiupaka plasta ya simenti kali, ni kama kumvalisha mtu koti la mpira: jasho halitoki. Unyevu unakaa nyuma ya plasta, matofali yanaoza, na siku moja plasta yote inaachana na ukuta na kuanguka kwa kipande kimoja. Ndivyo ilivyotokea Kavumu.

GONGA, KISHA SIKILIZA

Kwa hiyo anza kazi ya nyumba kama unavyoanza kazi ya mgodi. Shika kipande cha mti kigumu au mpini wa nyundo. Gonga ukuta wote polepole, kuanzia chini mpaka juu, na dari pia kama ina plasta. Sikio lako linajua kazi. Pale panapolia kama ngoma, chora duara kwa kipande cha kaa. Ondoa vitanda mahali hapo siku hiyo hiyo, usingojee fundi. Kisha angusha plasta iliyoachana, ukisimama pembeni, umevaa kofia yako ngumu, na watoto wakiwa nje.

Mbao za paa zijaribiwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi, mchwa wamekwisha kula, hata kama ubao unaonekana mzima kwa nje.

WEKA SHAHIDI

Namna gani utajua kama ufa umelala au unatembea? Tumia njia ya mafundi wa zamani. Ondoa plasta kidogo pande zote mbili za ufa mpaka uone tofali. Chukua kipande chembamba cha kioo, kirefu kama kidole, ukilaze kukatiza ufa, na ukishike kwa simenti kidogo huku na huku. Andika tarehe kando yake. Huyo ndiye shahidi. Mama wa nyumbani amwangalie kila mwisho wa mwezi, na zaidi baada ya mvua kubwa au tetemeko. Kioo kikibaki kizima msimu mzima wa mvua na kiangazi chake, ufa umelala, unaweza kuuziba. Kioo kikivunjika, nyumba inatembea. Usipoteze rangi yako. Tafuta maji yanakotoka.

Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye plasta peke yake, si wa kuogopesha. Lakini ufa wa mshazari unaoingiza kidole, ufa unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, au ukuta uliotoka tumbo, huo ni wa kuhamisha watu kwanza na kuita fundi mwenye kujua.

LIKIZO NI FUPI, USIANZE NA RANGI

Tunajua shida. Likizo ni ya siku chache, jamaa wanakuja kusalimia, kuna msiba, kuna ndoa, simenti imepanda bei. Siku tatu za mwisho ndipo mtu anapanda juu ya paa saa kumi na moja za jioni, amevaa kandambili, ngazi imewekwa juu ya meza. Ajali nyingi za nyumbani zinazaliwa na haraka hii. Afadhali kazi moja iliyokwisha kuliko tano zilizoanzwa. Fuateni mpango huu:

1. Kwanza maji. Chimba mfereji mdogo, hatua moja kutoka ukuta, uteremshe maji mbali. Punguza udongo uliopanda juu ya sakafu. Hamisha migomba. Kazi hii inaomba jembe na jasho tu.

2. Pili paa. Badilisha mbao zilizoliwa, ziba matundu ya manjanja.

3. Tatu shahidi. Mwache afanye kazi mpaka likizo ijayo.

4. Nne nyufa na plasta. Kwa ukuta wa zamani tumia mchanganyiko mpole: ndoo moja ya simenti, moja ya chokaa iliyozimwa, sita za mchanga.

5. Rangi ni ya mwisho.

Mwenzetu wa Kavumu alipochimba nje ya chumba cha watoto alikuta jambo dogo tu: bati la kupokea maji ya paa lilikuwa limetoboka juu ya pembe ile ile, labda tangu miaka mingi. Kila mvua ilikuwa inamwaga maji kwenye mguu wa ukuta. Bati moja! Bei yake haifiki nusu ya bei ya rangi aliyonunua likizo moja.

VITU VYA KAZINI VINAFAA NYUMBANI

Vumbi. Unajua vumbi la jiwe linavyoua mapafu. Vumbi la mchanga na simenti unapochonga ukuta ni ndugu yake. Lowesha ukuta kabla ya kuchonga, funika pua na mdomo, na fagia baada ya kunyunyiza maji. Chokaa na simenti zikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 20, halafu nenda dispanseri.

Eternit. Katika nyumba nyingine za wakati wa Wabelgiji kuna mabamba ya kijivu juu ya paa au darini, yanayovunjika kama chungu. Mengi ya zamani yana amianti, nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo zinaleta kansa ya mapafu miaka 20, 30 au 40 baadaye. Ubelgiji wenyewe ulikataza mabamba hayo mwaka 1998. Yakiwa mazima, yaache yalivyo. Usiyakate kwa msumeno, usiyatoboe, usiyasugue, wala usiwape watoto vipande wachezee. Kama ni lazima kuyatoa, yaloweshe, yashushe yakiwa mazima, uyafukie mbali na kisima.

Ngazi. Ngazi ikifika mita 4 kwenda juu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukuta. Mtu mmoja aishike chini. Mvua ikinguruma, shuka.

Umeme. Nyaya za zamani zilizovikwa mpira au kitambaa zinakatikakatika zikiguswa. Fyuzi ikiungua, usiweke waya mnene mahali pake: fyuzi inakufa ili nyumba isiungue. Tena usiseme: «Leo umeme umekatika, ngoja nitengeneze taa.» Umeme unaweza kurudi ukiwa umeshika waya. Kazini mashine inafungwa na ufunguo unakaa mfukoni mwa anayetengeneza. Nyumbani pia, zima kwenye kisanduku kikubwa na uache mtu pale.

Mbabula. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, na plasta mpya haikauki upesi. Watu wengine wanaingiza mbabula yenye makala chumbani, wanafunga mlango na dirisha, na kulala. Ndugu zangu, msifanye hivyo kamwe! Watu wa Goma wanajua mazuku, upepo mbaya unaotoka ardhini na kukaa mabondeni. Hewa ya makala si ile, lakini inaua kimya vilevile: haina rangi, haina harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, miguu kulegea. Mwenye kusinzia hatambui dalili hizo. Mkimkuta mtu hivyo, fungueni mlango na madirisha yote, mtoeni nje upesi, mpelekeni dispanseri.

ARDHI IKITETEMEKA

Ukiwa ndani, usikimbie kupita chini ya ukuta au baraza, maana matofali yanaangukia hapo. Ingia chini ya meza yenye nguvu, funika kichwa, ungoja itulie. Halafu tokeni wote, mkae mbali na kuta na nyaya. Msirudi ndani kulala kabla ya kugonga kuta na kuangalia mashahidi wenu, kwa sababu tetemeko dogo linaweza kufuata lile kubwa na kuangusha kilichobaki kimening'inia.

Kwa mama wa nyumbani tunasema neno la mwisho. Baba yuko mgodini wiki nyingi; wewe ndiwe unayeona ukuta kila siku. Ukisikia mchanga unadondoka usiku, ukiona mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kukwama, ukiona ufa mpya juu ya dirisha, usingojee likizo. Hamisha vitanda, kisha mpigie baba simu. Na wewe baba, simu hiyo usiijibu kwa kusema «nitakuja na rangi». Uliza: maji yanaangukia wapi?

KUMBUKENI: Gonga kabla ya kulala chini yake. Maji kwanza, rangi mwisho. Kofia yako ya kazi ina nafasi nyumbani pia.